Niliwauzia Jua Kwenye Chupa

Watu wangu, hii post nimeiandika nikaifuta mara tatu. Wengi wenu mlianza kunifuata kwa sababu ya ile video ya mwaka jana. Ile niko juu ya paa la ploti yetu hapa Umoja, katikati ya kamba za nguo, jua limenipiga usoni, nimeshika kichupa cha vidonge nikisema, "Mama kijacho, kunywa D yako mapema, presha ya mimba ikupitie kando." Ilitazamwa zaidi ya mara laki mbili. Na nililipwa. Si pesa za kununua ploti Juja, lakini zilinilipia nyumba miezi miwili, na wanaoishi kwa kontenti wanajua hiyo si mchezo.

Leo nataka kuizungumzia hiyo video. Sijaifuta, na sababu nitawaambia huko chini.

Mtu wa kwanza kuniamini alikuwa dada yangu mkubwa. Huyu ndiye alinilipia karo ya kidato cha tatu wakati mambo yalikuwa magumu nyumbani, kwa hivyo nikifanya kitu chochote mtandaoni yeye ndiye wa kwanza kulike na wa kwanza kununua. Mimba yake ya kwanza ilimtesa. Alifura uso, presha ikapanda, mtoto akatolewa wiki ya 35. Alipopata mimba ya pili aliogopa sana, lakini hakutaka kusema anaogopa. Akanunua chupa mbili kwa ile namba yangu ya punguzo, akanitumia picha: "Nimeanza D yako. Kliniki nitaenda nikipata nafasi, unajua hiyo foleni ya Jumatatu."

Alienda akiwa na wiki 22.

Muuguzi akafungua kijitabu cha mtoto wa kwanza, akaona historia, akamwuliza kwa nini hakuja mapema, angalau kabla ya miezi minne, waanze kumpa aspirini. Jioni dada akanipigia. Hakusalimia. "Aspirini gani hii naulizwa? Mbona wewe hukutaja aspirini, na wewe ndiye daktari wa simu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa sijawahi kusikia aspirini na mimba zikitajwa pamoja. Nilikuwa nimesimama juu ya paa nikishauri wanawake elfu mia mbili kuhusu ugonjwa ambao singeweza kuueleza kwa sentensi mbili.

Wiki ya 31 aliamka usiku na kichwa kinauma kama kinapasuka, anaona vimulimuli machoni. Presha ilikuwa 170 kwa 110. Alilazwa, akachomwa magnesiamu ili asipate kifafa, na siku chache baadaye mtoto akatolewa. Kilo moja na nusu. Nimemwona dada yangu akikaa na huyo mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, saa baada ya saa kwa wiki nne, hawezi hata kuinama kuchukua simu. Wote wako salama sasa, mtoto ni mzito hadi nalalamika nikimbeba. Lakini mimi kuna picha hazinitoki.

Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu kukosa ukweli ndiko kulikotufikisha hapa. Siwezi kusema aspirini ingemzuilia. Wengine hunywa na bado wanapata. Ninachojua ni kwamba kulikuwa na mlango, ulikuwa wazi kwa wiki chache tu, na yeye alipita akiangalia upande niliomwonyesha mimi.

Sasa, ugonjwa wenyewe. Madaktari wanauita preeklampsia. Ni presha inayopanda baada ya wiki ya 20 ya mimba, 140 kwa 90 kwenda juu, kwa mtu ambaye hakuwa nayo, pamoja na protini kwenye mkojo au dalili kwamba ini, figo, damu au ubongo umeanza kuumia. Ikifika kwenye degedege, hapo ndipo inaitwa kifafa cha mimba. Duniani huwapata kati ya wajawazito 2 na 8 kwa kila 100. Kati ya mambo ya uzazi yenyewe yanayoua akina mama, kutokwa na damu ndiyo ya kwanza na presha inafuata.

Na si ugonjwa wa watu maskini peke yao. Wapenzi wa riadha mnamkumbuka Tori Bowie, bingwa wa dunia wa mita 100 mwaka 2017. Alikufa mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 32, nyumbani kwake Florida, mimba ya karibu miezi minane. Ripoti ya uchunguzi wa maiti ilitaja kifafa cha mimba kati ya mambo yanayoweza kuwa yalimwua. Allyson Felix, aliyekimbia naye kwenye timu ya kupokezana iliyochukua dhahabu Rio 2016, alipata preeklampsia kali mwaka 2018, akapasuliwa haraka wiki ya 32. Hawa ni wanawake wenye mapafu na moyo kuliko sisi wote hapa. Kwa hivyo mtu asikuambie ati ulipata kwa sababu ulikuwa mvivu.

Kitu kilichonishangaza nilipoanza kusoma, nikisaidiwa na rafiki yangu aliyesomea uuguzi maana zile tafiti hazisomeki kirahisi, ni kwamba shida huonekana mwishoni lakini inaanza mwanzoni kabisa. Kondo la nyuma linapojishika kwenye mji wa mimba, linatakiwa kuipanua ile mishipa midogo ya damu ya mama. Mishipa iliyokuwa membamba kama mrija wa soda inatakiwa iwe mipana, damu ipite kwa wingi bila kusukumwa. Hiyo kazi inaanza wiki za kwanza na kufikia kama wiki ya 20 imeisha. Kwa wengine haifanyiki vizuri. Mishipa inabaki membamba, kondo linakaa na njaa, na likiwa na njaa linamwaga protini kwenye damu ya mama. Mojawapo ya hizo protini, watafiti wa Boston waliionyesha mwaka 2003, inaharibu kuta za mishipa ya mama mwili mzima. Ndiyo maana presha, ndiyo maana figo, ndiyo maana macho. Na ndiyo maana dawa ya kumaliza kabisa ni moja tu: kondo litoke, yaani mtoto azaliwe.

Ukielewa hapo, unaelewa kwa nini kila mtu anahangaika na miezi mitatu ya kwanza. Na unaelewa vitamini D iliingilia wapi.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, wakiongozwa na Lisa Bodnar, walichukua damu iliyokuwa imehifadhiwa tangu mwanzo wa mimba, wakalinganisha wanawake 55 waliopata preeklampsia na 219 ambao hawakupata. Waliopata walikuwa na vitamini D ya chini tangu mapema, kabla ugonjwa haujaonekana. Hiyo ni kitu. Si uchawi wala si uongo. Kondo lenyewe linaitumia vitamini D, na vitamini hiyo inahusika na kinga ya mwili, ile kinga inayoamua kama itamkubali huyu mgeni au itapigana naye. Kwa hivyo mtu akikuambia vitamini D haihusiani kabisa na presha ya mimba, naye pia anakudanganya.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya "walio na D ya chini hupata zaidi" na "ukimpa mtu D hatapata". Wacha nitoe mfano. Watu wenye Prado ni nadra upate wana kipindupindu. Ukweli mtupu. Sasa chukua Prado mia moja ugawe Mukuru uone kama kipindupindu kitaisha. Shida ni maji, na Prado ni dalili tu ya mtu aliye na maji safi. Vivyo hivyo, mtu mwenye vitamini D nzuri mara nyingi ni mtu anayetembea nje, anakula samaki na mayai, hana uzito wa kupindukia. Uzito wenyewe hushusha vitamini D kwenye damu, na uzito huohuo huongeza hatari ya presha ya mimba. Sasa nani alaumiwe?

Njia ya kujua ni kugawa watu kwa bahati nasibu, hawa wapewe nyingi, wale kidogo, halafu mngoje. Marekani walifanya hivyo, na matokeo ya preeklampsia yalichapishwa mwaka 2016. Wajawazito zaidi ya 800, wakiwa na wiki 10 hadi 18. Kundi moja lilipewa yuniti 4,400 kwa siku, lingine 400. Mwishoni waliopata preeklampsia walikuwa kama asilimia 8 kila upande. Karibu sawa kabisa. Nilisoma hiyo sentensi nikafunga laptopu nikaenda kununua chapati.

Niliporudi nikaona sehemu ya pili, na hii pia lazima niwaambie. Wale waliokuwa na vitamini D ya kutosha tangu wanaingia kwenye utafiti na wakabaki nayo hadi karibu kuzaa, walipata preeklampsia mara chache zaidi. Watafiti wakasema labda wiki ya 10 au ya 18 ni kuchelewa, labda mtu anatakiwa aingie kwenye mimba akiwa nayo tayari. Inawezekana, na mimi naona ina mantiki, ukikumbuka ile hadithi ya kondo. Lakini angalia vizuri: hapo tumerudi kwenye Prado. Hao hawakugawanywa kwa bahati nasibu. Walikuja hivyo.

Na kuna kitu kingine kilichonifanya niache kuamini vichwa vya habari. Kuna kundi la Cochrane, kazi yao ni kukusanya majaribio yote ya jambo moja na kuyapima kwa pamoja. Mwaka 2019 walisema vitamini D peke yake huenda inapunguza hatari ya preeklampsia, tena kwa karibu nusu. Nusu! Hiyo ndiyo sentensi niliyotumiwa na wale wa vidonge, imepigwa rangi ya njano. Mwaka 2024 Cochrane walirudia, safari hii wakachuja majaribio ambayo hayakupita mtihani wa kuaminika. Yalitolewa 21. Baada ya kuchuja, wakasema ushahidi kuhusu preeklampsia hauna uhakika kabisa. Ile karatasi ya njano niliyotumiwa bado ilikuwa ya 2019.

Shirika la Afya Duniani linasema vitamini D isipewe kila mjamzito kama kawaida, ila anayeshukiwa kuwa na upungufu anaweza kupewa yuniti 200 kwa siku. Uingereza wao wanawashauri wajawazito wachukue 400, lakini Uingereza na jua lao mnajua wenyewe. Na mwaka 2024 chama cha madaktari wa homoni cha Marekani kikasema wajawazito waongezewe, kwa sababu inaweza kusaidia. Kwa hivyo hata wakubwa hawajakubaliana. Mimi msimamo wangu ni huu: kliniki ikikupa kipimo kidogo, kunywa, sina neno. Ukiwa mtu wa kufungiwa ofisini au dukani kuanzia alfajiri hadi usiku, au unajifunika mwili wote ukitoka nje, una sababu ya kuuliza. Ugomvi wangu ni na mtu anayekuuzia kama ngao. Kile kichupa changu kilikuwa na yuniti 5,000 kwa kidonge. Wataalamu wa Marekani mwaka 2010 waliweka kikomo cha siku kuwa 4,000, hata kwa mjamzito. Vitamini D haikojolewi kama C, inakaa mwilini, na ikizidi sana inapandisha kalsiamu kwenye damu, unaanza kichefuchefu na mawe ya figo. Kwenye video sikusema neno hata moja kuhusu kipimo. Niliulizwa kwenye komenti, nikaweka emoji ya jua.

Halafu kuna ile porojo yangu ya "sisi Waafrika sote tuna upungufu". Niliisema na sura ya ujasiri kabisa. Kumbe mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Reagan Mogire wa KEMRI-Wellcome pale Kilifi walikusanya tafiti za bara zima, wakaona kama mtu mmoja kati ya watatu yuko chini ya nanomoli 50 kwa lita. Hiyo si ndogo, na waliotoka mijini na akina mama waliathirika zaidi. Lakini mmoja kati ya watatu si sote. Na ng'ambo hapo Tanzania, mwaka 2012, walipima Wamaasai na Wahadzabe wanaoishi maisha ya asili, wakapata wastani wa 115. Ngozi nyeusi hupunguza kasi ya kutengeneza vitamini D, ndiyo, lakini haizuii. Kinachozuia ni ukuta. Ni kioo cha dirisha pia, maana ile miale inayohitajika haipiti kwenye kioo, kwa hivyo kukaa dirishani kwenye matatu hakuhesabiki. Tuko kwenye mstari wa ikweta jamani, na mimi niko hapa nawauzia jua kwa chupa.

Sasa tuje kwa kile sikusema. Hapa ndipo panaponiuma.

Aspirini. Ile ile ya kawaida, lakini kwa kipimo kidogo. Mwaka 2017 matokeo ya jaribio kubwa lililoongozwa kutoka London, na Profesa Kypros Nicolaides, yalitoka. Wanawake walio kwenye hatari kubwa walianza miligramu 150 kila usiku kati ya wiki ya 11 na ya 14, wakaendelea hadi ya 36. Preeklampsia ile ya kuzalisha mtoto kabla ya wiki 37 ilishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 75 kwa walio hatarini, ianzwe kabla ya wiki ya 20. Nani yuko hatarini? Aliyewahi kupata, kama dada yangu. Mwenye presha ya kawaida, kisukari, ugonjwa wa figo, mwenye mapacha. Madaktari pia huangalia kama ni mimba ya kwanza, umri, uzito, na kama mama au dada yako aliwahi kupata. Tafadhali usitoke hapa ukaenda kemisti kununua na kujipimia. Kuna watu hawafai kuinywa, na kipimo ni cha daktari kuamua. Lakini ulizeni.

Bei yake? Hata siwaambii, nitalia. Hakuna mtu atakayenilipa kuitangaza, na ndiyo maana hujawahi kuiona kwenye ukurasa wa mtu yeyote mwenye taa ya duara.

Kalsiamu pia. Mahali ambapo watu hawali maziwa na mboga za kutosha, Shirika la Afya Duniani limekuwa likipendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, ambayo ni vidonge vikubwa, vingi, vya kuchosha. Lakini mwanzoni mwa 2024 yalitoka matokeo ya majaribio mawili, moja India na jingine Dar es Salaam, kila moja na wanawake 11,000 wanaobeba mimba ya kwanza. Walilinganisha miligramu 500 na 1,500. Kwa preeklampsia, ile ndogo haikushindwa na ile kubwa. Dar, hapo tu! Wanawake kama sisi, wanaokula ugali kama sisi. Mimi sikuona mtengeneza kontenti hata mmoja wa afya akiizungumzia, mimi nikiwa wa kwanza kwenye hiyo orodha ya aibu. Omena ukila na mifupa yake unapata kalsiamu, maziwa unapata, lakini kwa mjamzito ulizia kliniki kama wana vidonge.

Na ile sindano ya magnesiamu aliyochomwa dada yangu: mwaka 2002 jaribio moja katika nchi 33, wanawake zaidi ya 10,000, lilionyesha inapunguza degedege kwa zaidi ya nusu. Ni chumvi. Dawa ya bei ndogo. Inatakiwa iwepo, na muuguzi awe anajua kuitumia, basi.

Najua mtaniambia kwenye komenti, "Wewe unasema kliniki kliniki, umewahi kupanga foleni?" Nimepanga. Nimempeleka dada mara tatu kwenye kliniki moja ambapo mashine ya presha ilikuwa moja na betri inaazimwa kutoka kwa rimoti. Siku moja vile vijiti vya kupima mkojo vilikuwa vimeisha, tukatumwa kununua nje. Na ndiyo kusema, mimi naona hapo ndipo hasira yetu inafaa kwenda. Tunapigia kelele bima, tunapigia kelele wodi za kuzalia, lakini mashine ya presha na vijiti vya mkojo si vitu vya mkopo wa nje. Mwakilishi wa wadi akija kuzindua choo na kukata utepe, mwulize kwenye zahanati yake presha inapimwa na nini.

Ila pia tuwe wakweli kuhusu sisi. Wengi wetu hatuendi mapema si kwa sababu ya foleni tu. Tunaficha. Mimba ya miezi miwili haitajwi, mtu anaogopa macho ya watu, anaogopa ikitoka ataambiwa alitangaza mapema. Shosho wangu alikuwa anasema mimba haitangazwi hadi ijitangaze yenyewe. Nampenda shosho wangu, na naelewa alikotoka, lakini ikijitangaza yenyewe wiki ya 20 imefika. Na katika hiyo miezi ya kuficha, ni nani anaingia? Ni mimi. Simu iko chini ya blanketi, hakuna anayekuona, msichana mchangamfu juu ya paa anakuambia kuna kidonge. Kidonge hakikuulizi baba wa mtoto ni nani. Ndiyo maana biashara hii inafanya kazi. Tunauza kutoonekana.

Mwezi wa kwanza wale watu walinirudia. Kuna kidonge kipya, cha mama na mtoto, kina D na vitu vingine kumi na viwili, na malipo ni mara mbili ya yale ya kwanza. Nikawaandikia: nitafanya, ila kwenye video nitasema kwamba ushahidi wa kuzuia presha ya mimba hauna uhakika, na nitataja aspirini na wiki ya 12. Wakasema watanirudia. Tangu hapo alama mbili za bluu, kimya. Kodi ya mwezi huo nilikopa, na niliyemkopa ni dada yangu huyohuyo, mtajua wenyewe jinsi alivyocheka.

Ndiye aliyeniruhusu kuandika haya, kwa masharti kwamba picha ya mtoto isionekane na mji anaoishi nisitaje.

Ile video haijafutwa kwa sababu watu wengine walishaipakua na kuipandisha kwenye kurasa zao, na hizo siwezi kuzifikia. Nikifuta yangu, zitabaki zile zisizo na marekebisho. Kwa hivyo nimeiacha, nimetoa ile namba ya punguzo, na komenti niliyoibandika juu kabisa inasema hivi:

"Nilikosea hapa. Hiki kidonge hakijathibitishwa kuzuia presha ya mimba. Ukijua una mimba, nenda kliniki kabla ya wiki ya 12, hata kama hujamwambia mtu. Waambie kama wewe, mama yako au dada yako amewahi kupata presha ya mimba. Uliza kuhusu aspirini ya kipimo kidogo na kalsiamu. Kila ukienda, presha ipimwe na mkojo upimwe, wasipopima kumbusha. Kichwa kikali kisichoisha, kuona vimulimuli au ukungu, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kufura ghafla, kushindwa kupumua: usingoje asubuhi, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Hata baada ya kuzaa, wiki sita za kwanza bado inaweza kuja."